Orvieto: Yapi ya Kweli, Yapi ya Kusimuliwa?

Orvieto ni mji mdogo wa mkoa wa Umbria, Italia, uliopanda juu ya mwamba wa volkano. Waongoza watalii wake wana maneno matamu. Tuyapime.

Kanisa kuu lilijengwa kwa sababu ya muujiza wa Bolsena. Si kweli, kama inavyosimuliwa. Inasemekana kwamba mwaka 1263 padri mmoja kutoka Bohemia, mwenye mashaka juu ya Ekaristi, alikuwa akiadhimisha misa katika mji wa Bolsena, hostia ikatoka damu na kulowesha kitambaa cha altare. Kitambaa kikaletwa Orvieto, na kanisa likajengwa ili kukihifadhi. Tazama tarehe lakini. Papa Nikolao IV aliweka jiwe la msingi mwaka 1290, na kanisa likawekwa chini ya Kupalizwa Bikira Maria. Kikanisa cha kitambaa kilianza kujengwa mwaka 1350, miaka sitini baadaye. Nani hujenga jumba zima kwa ajili ya mgeni, kisha akakumbuka chumba chake baada ya vizazi viwili? Kilichosukuma ujenzi kilikuwa cha kawaida zaidi: kanisa kuu la zamani lilikuwa limechakaa.

Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ilizaliwa hapa. Nusu kweli. Ilianza kuadhimishwa Liège, Ubelgiji ya leo, mwaka 1246, kwa juhudi za mtawa Juliana. Papa Urbano IV, aliyewahi kuwa shemasi mkuu huko, ndiye aliyeieneza kwa Kanisa zima mwaka 1264, akiwa Orvieto. Hati yake haitaji Bolsena hata kidogo.

Mchoraji alijichora mwenyewe ukutani. Kweli. Katika kikanisa cha San Brizio, ndani ya kanisa kuu, Luca Signorelli amesimama pembeni mwa mchoro wa mahubiri ya Mpinga Kristo, amevaa nyeusi, mchoraji mwenzake Fra Angelico akiwa nyuma yake. Kwangu mimi, ukuta huo pekee unatosha kulipia nauli.

Milango ya shaba ni ya karne ya 14. Si kweli. Uso wa kanisa ulianza kuchongwa enzi za Lorenzo Maitani, msanifu wa karne hiyo, lakini milango ya katikati ni kazi ya Emilio Greco wa Sicilia. Ilikamilika mwaka 1964, ikabishaniwa kwa miaka, ikawekwa mahali pake mwaka 1970.