Kaimati na Visheti kwa Asali ya Tabora

Mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, mji ambao leo tunauita Tabora, aliyewakirimu kuliko wote ni Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi. Burton aliandika kwamba tajiri huyo wa pembe za ndovu na watumwa alianzia maisha Muscat, akitengeneza na kuuza vyakula vitamu. Miaka 14 baadaye, Henry Morton Stanley alipopokelewa Unyanyembe, nchi ambamo mji huo upo, aliletewa masinia ya wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na ndimu, na pamoja navyo sahani ya vitafunio vya unga vya kukaanga, vya moto, vikifuka mvuke.

Majina ya wenye nyumba tunayo. Majina ya waliokanda unga huo na kukaa mbele ya moto hatuna, na wengi wao walikuwa watumwa. Ni mikono hiyo, pamoja na ya wake na mabinti wa mji, iliyoufanya upishi wa Muscat na wa pwani kuwa upishi wa Unyanyembe. Leo hapa Ipuli, mjini Tabora, kaimati hupikwa katika nyumba za Waislamu na za Wakristo, na mpishi huenda asijue kwamba anachokifanya kilisafiri na misafara kutoka Bagamoyo, siku nyingi kwa miguu.

Safari yenyewe ilianzia mbali zaidi. Kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi, kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226, tayari kina vitonge vya unga uliochachuka, vinavyokaangwa na kuchovywa kwenye shira. Upishi wa aina hiyo ulikwenda pande mbili. Upande wa magharibi ulifika Hispania, ambako utawala wa Waislamu ulianza mwaka 711 na kumalizika Granada mwaka 1492. Waarabu ndio waliopeleka huko kilimo cha miwa na mpunga, na mpaka leo Wahispania hupika wali wa maziwa wenye mdalasini, ambao mtu wa pwani yetu asingehitaji kuelezwa. Wana buñuelos, vitonge vya unga vya kukaanga vinavyoliwa hasa Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Wana pestiños za Andalusia, vipande vya unga vyenye ufuta, vinavyokaangwa kisha kupakwa asali, hasa wakati wa Krismasi na Pasaka. Upande wa kusini na mashariki, upishi huo ulipitia Oman na Zanzibar hadi kwetu, ukawa kaimati na visheti. Buñuelos na kaimati ni ndugu. Pestiños na visheti nao ni ndugu.

Kwa hiyo mtu wa Ipuli anayetamani kupika vitamu vya Kihispania nyumbani asisumbuke kutafuta viungo vya mbali. Ajifunze vizuri viwili tulivyo navyo, na awe na asali ya miombo. Ninachotaka kukieleza hapa ndicho kinachowashinda wengi: shira. Kaimati na visheti hupikwa kwa sukari ileile na maji yaleyale, lakini kila kimoja kinaitaka sukari hiyo ifanye kazi iliyo kinyume na ya mwenzake. Kaimati zinataka shira isiyoganda. Visheti vinataka shira inayoganda.

Tuanze na kaimati. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha hamira, kijiko kikubwa cha sukari, vijiko viwili vya mtindi, iliki ya kusaga na chumvi kidogo sana. Tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kama kikombe kimoja na robo, mpaka upate unga mzito wa kuvutika, mlaini kuliko wa maandazi na mzito kuliko wa vitumbua. Sasa piga kwa mkono. Zamisha vidole, vuta unga juu, uangushe kwenye bakuli, rudia. Mwanzoni unakatika. Baada ya dakika kama kumi unaanza kuvutika bila kukatika, na ukiuangusha unatoa mlio mzito wa kofi. Mlio huo ndio wa kuusubiri. Protini za ngano zimeshikana zikawa wavu, na wavu huo ndio utakaobana hewa inayotolewa na hamira. Asiyepiga vya kutosha hupata kaimati bapa, zilizojaa mafuta.

Funika bakuli, weka mahali penye joto. Mwezi wa Oktoba, Tabora ikiwa na jua kali, unga huumuka ndani ya saa moja. Juni na Julai, baridi inapotushika, subiri mpaka saa mbili, au weka bakuli karibu na jiko. Usiongeze hamira kwa haraka, maana hamira nyingi huacha harufu ya pombe.

Mafuta ya kukaangia yawe mengi, kaimati zielee. Yajaribu kwa tone la unga: likizama likabaki chini, hayajapata moto, likiwa jeusi kabla hujahesabu kumi, yamezidi, likizama kidogo likapanda mara moja na mapovu kulizunguka, tayari. Shika unga kwenye ngumi, uukamue utoke kati ya kidole gumba na cha shahada, uukate kwa kijiko kilichochovywa kwenye maji na kukung'utwa vizuri, kwa sababu tone la maji likiingia kwenye mafuta ya moto hurusha mafuta usoni. Kisha zigeuze bila kuacha. Kaimati inayogeuzwa huiva pande zote na kubaki mviringo. Inayoachwa huwa na kichwa cheupe na tumbo jeusi.

Shira yake ni kikombe cha sukari na nusu kikombe cha maji. Ikishachemka, kamulia matone machache ya ndimu. Watu wengi hutia ndimu kwa ajili ya ladha, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Chembe moja ya sukari ya kawaida imeundwa kwa sukari mbili zilizoungana, glukosi na fruktosi. Asidi ya ndimu pamoja na moto huzitenganisha baadhi yake. Sukari zilizochanganyika namna hiyo haziwezi kujipanga kwa urahisi na kuwa fuwele, kwa hiyo shira hubaki laini na yenye kung'aa hata ikipoa.

Hapa asali inaingia, kwa sababu asali ni shira ambayo nyuki wameshaifanyia kazi hiyo. Sehemu kubwa yake ni fruktosi na glukosi zilizokwisha kutengana. Ukichanganya vijiko vitatu au vinne vya asali kwenye shira ya kaimati, unaweza kuiacha ndimu. Sharti ni moja: epua sufuria kwanza, shira ipoe kiasi cha kuweza kugusa ukingo wa sufuria, ndipo utie asali. Harufu ya asali ya miombo, inayotoka kwenye maua ya mitundu na miyombo, hupeperuka na mvuke ikichemshwa, nawe utabaki na utamu mtupu uliolipia bei ya asali.

Visheti ni habari nyingine. Vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vinne vya samli, iliki, na tui au maziwa nusu kikombe. Hamira haihitajiki. Sugua samli kwenye unga mkavu kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama mchanga wenye unyevu, kisha ndipo utie tui. Mpangilio huu una sababu. Samli huzifunika chembe za unga, ule wavu tuliouhangaikia kwenye kaimati ukashindwa kujengeka, na visheti vikawa vya kumumunyika badala ya kuvutika. Kwa hiyo usikande sana. Sukuma unga, kata vipande vidogo, kaanga kwa moto wa wastani mpaka viive hadi ndani.

Shira yake ni kikombe cha sukari na nusu kikombe cha maji, bila ndimu na bila asali. Ichemke mpaka mapovu yawe makubwa na mazito, na tone ukilibana kati ya vidole, baada ya kupoa kidogo, livute uzi. Epua, mimina visheti, koroga bila kupumzika. Kwa dakika kadhaa utaona vimelowa na kung'aa, utadhani umekosea. Endelea. Ghafla shira inakuwa nyeupe, inakauka, na kila kisheti kinajitenga na mwenzake kikiwa na koti la sukari. Kukoroga ndiko kulikoifanya sukari ijipange kuwa fuwele. Ukitia ndimu hapa umeharibu: visheti vitabaki vinanata mpaka kesho.

Anayependa visheti vya asali avipike kama pestiños: asali ilegezwe kwa maji kidogo juu ya moto mdogo, visheti vichovywe, vinyunyiziwe ufuta. Viliwe siku hiyohiyo. Asali huvuta unyevu wa hewa, na kitafunio chochote kilichopakwa asali hulainika upesi, hasa masika.

Kuna jambo moja linalowahusu wapishi wa Tabora, si wa pwani. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi badala ya 100. Mwenye kipimajoto cha jikoni anayefuata kitabu kilichoandikwa Zanzibar au Mombasa atapitisha shira yake, kwa sababu hapa kila hatua ya shira hufikiwa kwa nyuzi kama nne pungufu. Asiye na kipimajoto hajakosa kitu. Uzi wa shira kati ya vidole hausemi uongo, pwani wala bara.

Neno kuhusu asali yenyewe. Kila mwaka baridi inapoingia, watu huniletea chupa za asali iliyoganda wakidhani wameuziwa sukari. Kuganda si dalili ya uchakachuaji. Asali halisi huganda, kwa kuwa glukosi yake hujipanga kuwa fuwele kwenye baridi. Tumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyokuunguza mkono, nayo itarudi ilivyokuwa. Vipimo vya mtaani vya kudondoshea asali kwenye maji au kuiwasha kwa kiberiti havitoshi kukuhakikishia chochote. Nunua kwa mrina asali unayemfahamu au kwenye ushirika wa wafugaji nyuki. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kuonja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Ukiwa na karanga, na Tabora karanga si adimu, unaweza kwenda hatua ya tatu. Wahispania husifika kwa turrón, lozi zilizoshikanishwa kwa asali na ute wa yai, na kila Krismasi haikosekani mezani. Sisi tuna kashata. Iliyopikwa kwa sukari iliyoyeyushwa hadi kuwa kahawia hukatika kwa mlio. Iliyotiwa asali kidogo hulainika na kunata menoni, kwa sababu ileile ya fruktosi. Ukishaielewa shira ya kaimati na ya visheti, kashata utaipika unavyotaka mwenyewe.

Vitafunio hivi havikukusudiwa kuliwa na mtu mmoja. Unga wa vikombe viwili hutoa kaimati nyingi kuliko nyumba moja inavyohitaji, na utamu wake ni wa kula chache. Mwenye kisukari mezani pako awekewe zake kabla hazijachovywa. Zinazobaki zinajua pa kwenda: kabla ya futari sahani iliyofunikwa kawa hutumwa na mtoto nyumba ya pili, na Krismasi hutumwa upande wa pili. Jirani haoshi sahani akairudisha tupu. Ataweka maembe, viazi vitamu, au kashata zake. Kwa desturi hiyo mtaa mzima hupata vyakula vya aina tano kwa gharama ya aina moja.

Ninawasihi wasomaji wenye watoto wa miaka kumi na zaidi wawaite jikoni siku ya kupika. Wawape bakuli la unga wapige, wausikilize mlio wake, kisha waanze kujaribu uzi wa shira iliyopoa kidogo kwenye kijiko. Biskuti za dukani zitapatikana siku zote. Mkono unaojua shira hupatikana kwa kufundishwa tu, na waliotufundisha sisi waliupokea kwa watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Deni lao tunalilipa kwa kuufundisha.