Jua Husafisha Maji ya Kunywa

Wakulima wengi wa upande wa Noonkopir hunywa maji ya silanga, ya mto au ya mvua. Maji hayo huweza kuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, viletavyo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Kuchemsha ni njia njema, lakini kuni ni taabu kupata. Iko njia nyingine isiyotaka kuni, nayo ilijaribiwa hapa hapa Kajiado.

JARIBIO LA KAJIADO
Watoto 206 wa Kimaasai walipewa maji ya chupa za plastiki. Nyumba nyingine ziliweka chupa juani juu ya paa, nyingine ziliziweka ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: waliokunywa maji ya juani hawakuugua sana tumbo kama wenzao. Baadaye kipindupindu kiliingia sehemu ile. Habari za mwaka 2001 zaeleza kwamba katika watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliougua ni 3 tu. Katika wenzao 144 ambao chupa zao zilikaa ndani, waliugua 20. Chupa zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa jua. Kwa watu wazima tofauti haikuonekana, basi faida kubwa ni kwa watoto wadogo.

KWA NINI?
Katika mwanga wa jua mna miali tusiyoiona, iitwayo urujuanimno. Miali hiyo huharibu mwili wa kijidudu, na huigeuza oksijeni iliyomo majini iwe sumu kwake. Maji yakipata joto la digrii 50, kazi huenda upesi zaidi.

Mtu atauliza: mbona silanga yapigwa na jua kutwa, na bado yaleta ugonjwa? Ni kwa sababu matope huzuia miali isifike chini, na mifugo huongeza uchafu kila siku.

FANYA HIVI
1. Tafuta chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ioshe vizuri.
2. Maji ya matope yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Simamisha chupa juu ya gazeti hili na utazame kutoka mdomoni. Ukisoma herufi kubwa kupitia majini, yafaa.
3. Jaza robo tatu, funga, tikisa, kisha jaza kabisa.
4. Ilaze juu ya mabati tangu saa 3 asubuhi hata saa 9 alasiri. Kukiwa na mawingu, iache siku 2. Mvua ikinyesha kutwa, chemsha.
5. Kunywa kutoka chupa ile ile. Usimimine katika mtungi mchafu.

ANGALIA
Jua haliondoi chumvi, wala floridi inayotia meno madoa, wala sumu. Chupa iliyotiwa dawa ya josho isitiwe maji ya kunywa kamwe.

Kila mtu nyumbani awe na chupa mbili: moja ya kunywa leo, na moja juu ya paa kwa ajili ya kesho.