Kabla ya Kununua Ua la Uani Nchelenge: Ukoo wa Airisi au wa Kalankoe?

Mwenye nyumba anayetaka maua ya kudumu, si ya kupanda upya kila mwaka, huelekezwa kwenye mimea ya aina mbili. Wa kwanza ni airisi, mmea wenye majani marefu kama panga, unaochipuka kwenye tunguu na kutoa ua kubwa la zambarau, njano au jeupe. Wa pili ni sempeviva, mmea mfupi wenye majani manene yanayohifadhi maji, yaliyojipanga kwa duara karibu na ardhi. Yote miwili husifiwa kwa jambo lile lile: ukiinunua mara moja inazaa watoto, na mwakani unagawa badala ya kununua.

Hapa Nchelenge, Zambia, sifa hiyo haitimii. Airisi ya bustani za Ulaya, ile yenye ndevu juu ya petali zake, inahitaji majira ya baridi kali ndipo ijiandae kutoa maua. Sisi tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, ukingoni mwa Ziwa Mweru, lenye zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Ingawa tumeinuka zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni wa kujifunika blanketi tu, si wa barafu. Utapata majani mengi na maua haba, au usipate maua kabisa.

Sempeviva ni mmea wa milimani: Alps, Karpati, Kaukazi, hata Atlas ya Morocco. Theluji haiuui, ukame hauuui. Kinachouua ni joto na majimaji yakija pamoja, na hiyo ndiyo hali yetu tangu Novemba hadi Aprili. Ulaya ya zamani waliupanda hata juu ya mapaa. Amri ya mashamba ya Mfalme Charlemagne, ya miaka ya karibu na 800, iliwataka watunza bustani wawe nao juu ya nyumba zao. Juu ya paa la nyasi la mkoa wetu wa Luapula ungeoza kabla Januari haijaisha.

Tena kuna gharama ambayo tangazo la muuzaji wa mbali halikuambii. Mmea hai ukiingizwa Zambia unatakiwa uwe na kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na wanaosimamia ni idara ya karantini ya mimea iliyoko Mount Makulu, Chilanga. Sheria haimwachi nje anayevuka na miche ndani ya boti kutoka Kilwa au Pweto upande wa Kongo. Wengi hawajui, lakini ugonjwa wa mihogo au wa migomba husafiri kwa njia hiyo hiyo, na hasara yake hulipwa na kijiji kizima.

Kwa hiyo nashauri uziache zile za asili za Ulaya, ununue ndugu zao wa Afrika. Kwenye ukoo wa airisi kuna dietesi, mmea ambao jamaa zake wa porini wanapatikana kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Hufika kama sentimita 60, haupukutishi majani mwaka mzima, na hustahimili kivuli cha mwembe, mahali ambapo mimea mingi ya maua hushindwa. Kwenye ukoo wa sempeviva kuna kalankoe, wenye majani manene na vishada vya maua mekundu, ya njano au ya waridi. Zambia ina kalankoe za porini, ingawa zinazouzwa kwenye vyungu kwa kawaida asili yake ni Madagaska. Ukiuliza kitaluni ukashikishwa mshubiri kwa kuwa nao una majani manene, jua huo ni ukoo mwingine. Ni mmea mzuri, lakini si ulioufuata.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue kijia cha mita 10 kutoka barabarani hadi mlangoni, upandwe upande mmoja. Dietesi hukaa nusu mita kwa nusu mita, yaani mashina 20. Kalankoe hukaa robo mita, yaani miche 40. Tuseme kila mmoja unauzwa kwacha 40. Bei ya siku hiyo utaiweka mwenyewe, hesabu haibadiliki. Anayenunua dietesi zote 20 atalipa kwacha 800. Mwenye subira atanunua mashina matano kwa kwacha 200, ayaache misimu miwili yanenepe, kisha agawe kila moja vipande vinne. Wa kalankoe atanunua vyungu viwili kwa kwacha 80, akate vipandikizi, aviache kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, avichomeke kwenye mchanga. Msimu wa pili kijia kimejaa.

Ukiishia hapo utasema kalankoe ndiyo nafuu, na maji yataongeza ushindi wake. Tangu Mei hadi Oktoba hatutegemei mvua, na hizo ni wiki 26. Dietesi 20 zikipewa lita tatu kila moja kwa wiki zitameza ndoo tatu za lita 20, ambazo kwa kiangazi chote ni ndoo 78. Kalankoe 40 zikipewa nusu lita kila baada ya wiki mbili zinatosheka na ndoo moja, yaani ndoo 13 tu. Tofauti ni ndoo 65, na katika nyumba nyingi ndoo hizo hukaa kichwani mwa mama au binti. Kwa jamaa waliohamia makazi ya wakimbizi ya Mantapala tangu 2018 wakitokea Katanga na Tanganyika za Kongo, ambako foleni ya kisima ni sehemu ya siku, jambo hili ni zito kuliko bei ya mche. Anayeishi Kashikishi karibu na ufuko, mwenye maji ya kuoshea vyombo kila jioni, hatalihisi sana. Dietesi ikishatimiza mwaka wa pili na mizizi ikishazama, unaweza kuipunguzia maji hadi nusu.

Mvua ndiyo inayogeuza mambo. Kalankoe ikiachwa chini kwenye udongo mzito, shina lake hulainika na kuoza, na Machi utaanza upya. Dawa ni kuinua tuta kama sentimita 20 na kuchanganya mchanga wa ziwa na mboji nusu kwa nusu. Mchanga wa Mweru hauna chumvi, basi haudhuru. Au uiweke barazani kwenye kopo lililotobolewa. Hata ikipona, baada ya miaka miwili au mitatu hurefuka shingo, ikawa lazima uikate na kuipanda upya. Dietesi huipokea mvua kwa furaha, mradi maji yasituame. Ua lake halidumu sana, lakini maua hufuatana, na kikonyo kilekile huchanua tena msimu ujao. Usikikate ukidhani kimekwisha.

Kuhusu mbuzi sitalegeza neno. Kalankoe ina sumu inayoshika moyo wa mnyama, na maua yake ndiyo yenye sumu zaidi. Kwenye lupango (kiwanja cha nyumba) lisilo na uzio, mahali mbuzi wa jirani wanapita wapendavyo, mnyama mmoja akifa gharama yake inamaliza faida yote ya ndoo 65. Majani ya dietesi ni makavu yenye nyuzi na hayamvutii mbuzi, ingawa tunguu na mbegu zake zisiachwe mikononi mwa watoto.

Ukikuta airisi ya majini inauzwa, ile ya njano inayopandwa kwenye kidimbwi, pita. Wilaya hii inaumizwa mno na malaria, na mbu aina ya Anopheles funestus, mmoja wa waenezaji wake wakubwa hapa, hupenda hasa maji yanayodumu yenye majani yaliyosimama. Afrika Kusini mmea huo umeorodheshwa kuwa mvamizi.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye nyumba yake, maji karibu na mbuzi uani, apande dietesi, aanze na mashina matano. Mpangaji, au anayechota maji mbali, achukue kalankoe aiweke barazani, juu kuliko mdomo wa mbuzi. Ila asiiweke chini ya taa inayowaka usiku kucha: kalankoe huhesabu urefu wa giza, na bila usiku mrefu wa katikati ya mwaka haitoi maua.

Nunua mwishoni mwa Oktoba. Mvua ya Novemba itakunyweshea miche bure, na Desemba mosi uvuvi hufungwa hadi mwisho wa Februari, wakati ambao fedha huadimika nyumba nyingi za mwambao. Ukifika kitaluni bonyeza tunguu la dietesi: liwe gumu, na shina liwe na angalau mafungu matatu ya majani. Kalankoe iinue na chungu chake. Ikiwa udongo umelowa na shina la chini limekuwa jeusi, irudishe mezani hata ikiwa imejaa maua.