Taa Kuwaka Si Ushahidi

Nyumba mpya ya Kigera mjini Musoma, sawa na nyumba nyingi zilizofikiwa na nguzo za umeme katika vijiji vya Bunda na Butiama tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, huhesabiwa kuwa imekamilika siku taa ya sebuleni inapowaka. Fundi hulipwa, ngazi huondolewa, na hakuna anayeuliza zaidi. Taa, hata hivyo, huhitaji nyaya mbili tu ili iwake, ilhali usalama wa wakazi hutegemea sana waya wa tatu, ambao siku za kawaida haubebi mkondo wa maana, na kwa sababu hiyo ubovu wake hauonekani mpaka siku unapohitajika.

Nyaya hizo ni waya wa moto, unaoleta umeme; nyutro, inayoukamilishia umeme njia ya kurudi; na waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni nyeusi na ethi ni ya kijani, na katika nyaya za siku hizi moto ni kahawia, nyutro ni buluu na ethi ina mistari ya kijani na njano. Nyumba iliyoongezwa vyumba miaka kadhaa baada ya kujengwa huweza kuwa na mitindo yote miwili ndani ya boksi moja, jambo linalotosha kumfanya mtu mwangalifu asiiamini rangi kabla ya kupima.

Umeme wa majumbani nchini husambazwa kwa volti 230, uwe umetoka katika gesi ya Mtwara au katika bwawa la Mto Rufiji linaloitwa kwa jina la mwana wa Butiama. Volti hupima msukumo. Ampea hupima mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita. Omu hupima ukinzani, yaani kiasi ambacho njia inauzuia mkondo huo. Na wati hupima nguvu inayotumika. Uhusiano wa vipimo hivyo ni mwepesi: volti zikigawanywa kwa omu, au wati zikigawanywa kwa volti, hupatikana ampea. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7, pasi ya wati 1,000 huvuta 4.3, na jiko la sahani moja la wati 1,500 huvuta 6.5. Anayevichomeka vyote vitatu katika ekstensheni moja huwa anadai ampea 19.6 kupitia plagi ambayo fyuzi yake ni ya ampea 13, na mara nyingi plastiki ya plagi hugeuka rangi na kutoa harufu kabla fyuzi haijakatika, sembuse pale fyuzi ilipokwisha kuungua na mahali pake pakawekwa kipande cha msumari.

Waya nao huchaguliwa kwa hesabu hiyohiyo. Ule ambao madukani huitwa wa moja nukta tano, yaani wenye shaba ya milimita za mraba 1.5, hutumika kwa taa. Wa mbili nukta tano hutumika kwa soketi. Na wa nne au sita huhitajika kwa jiko kubwa au hita ya bafuni. Umbali una uzito wake pia, ingawa husahaulika. Banda la vifaranga lililo mita 60 kutoka nyumbani huutaka umeme usafiri mita 120, kwenda na kurudi, na katika waya wa 1.5 safari hiyo ina ukinzani wa karibu omu 1.45, hivyo vipasha joto vya wati 2,000 hupoteza njiani karibu volti 12.6, kiasi kinachozidi asilimia 5 ambayo kanuni za Kiingereza huruhusu. Waya wa 2.5 huushusha upotevu huo hadi volti 7.7. Bei ya waya mnene humuumiza mwenye nyumba mara moja, lakini waya mwembamba huendelea kula yuniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kila usiku kwa kuipasha moto ardhi uliyofukiwa.

Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, yaani wa matumizi madogo, alilipa shilingi 100 kwa kila yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, na wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, alilipa 292, kabla ya kodi na tozo. Yuniti 75 ni 2.5 kwa siku, na sahani ya jiko ya wati 1,000 ikiwashwa kwa saa moja kila siku huchukua yuniti 30 za mwezi peke yake.

Kupiga hesabu hizi ni haki ya kila mtu, lakini kufunga nyaya ni kazi inayosimamiwa na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na leseni za mafundi hutolewa kwa madaraja na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Anayependa kujifanyia mwenyewe ana uwanja mpana wa kutosha katika ukaguzi, ambao kwa kawaida huachiwa tesita, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini. Tesita huwaka kwa sababu mkondo mdogo mno hupita ndani ya mwili wa mpimaji kwenda ardhini, hivyo aliyesimama juu ya kiti cha plastiki anaweza kuiona imefifia akadhani hakuna umeme. Huweza pia kuwaka katika matundu yote mawili ya soketi, na fundi mwanagenzi akaduwaa. Maana yake, mara nyingi, ni kwamba nyutro imekatika mahali fulani, na umeme umepita katika taa au friji iliyoachwa imewashwa ukaujaza upande wa nyutro uliobaki bila njia ya kurudi. Soketi hiyo haiwashi kitu, lakini inaweza kuua.

Kosa la jamaa moja na hilo ni swichi iliyofungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Taa huzimika vizuri, ila holda yake hubaki na umeme, na anayebadilisha balbu hudhani yuko salama. Balbu ya LED inayoendelea kung'aa hafifu gizani baada ya kuzimwa ni dalili inayofaa kuchunguzwa, ijapokuwa swichi zenye kitaa ndani husababisha hali hiyohiyo.

Kabla ya umeme kuwashwa, nyaya hupimwa kwa mega, kifaa kinachosukuma volti 500 ili kuona kama umeme unavuja kati ya waya na waya. Usomaji ukishuka chini ya megaomu 1, yaani omu milioni moja, kuna ganda lililochubuka au unyevu ndani ya paipu. Baada ya kuwashwa, multimita inapaswa kusoma karibu 230 kati ya moto na nyutro, na vivyo hivyo kati ya moto na ethi. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachodanganya wengi, kwa kuwa multimita haivuti mkondo wowote wa maana, na huweza kusoma 230 hata pale ethi ilipo mbovu kabisa.

Musoma ni mji wa majabali, na fimbo ya ethi ya mita 1.2 inapogonga mwamba huwa kuna kishawishi cha kuikata na kuificha kwa saruji. Mwamba mkavu haupitishi umeme kwa urahisi. Tuseme ukinzani wa fimbo hiyo ni omu 50, na waya wa moto umegusa bati la friji: mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 kugawanya kwa 50, yaani ampea 4.6 tu, na breka ya ampea 20 itauona kama mzigo wa kawaida wa pasi. Breka hiyo iliwekwa kuulinda waya usiungue. Bati la friji litabaki na umeme saa baada ya saa, likimsubiri mtoto aliyetoka kuoga akiwa miguu mitupu.

Kinachomwokoa mtoto huyo ni swichi ya kinga ambayo mafundi huitaja kwa herufi RCD. Yenyewe hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30, yaani sehemu 30 kati ya elfu za ampea moja, hukata ndani ya theluthi ya sekunde, hata kama ethi ina ukinzani wa omu 100 au 200. Katika ardhi ya mawe, nyumba isiyo nayo haijafungwa vizuri, hata taa zake ziwake namna gani. Fimbo nayo haifai kuachwa: ihamishiwe penye udongo wa kina na unyevu, au fimbo mbili ziunganishwe zikiwa zimeachana kwa umbali usiopungua urefu wa mojawapo, kisha ipimwe kwa mashine ya ethi yenye vigingi viwili vya kuchomeka ardhini. Kitufe chenye herufi T kwenye RCD, ambacho kinafaa kubonyezwa kila baada ya miezi michache, huthibitisha kwamba swichi hiyo bado inakata. Kuhusu fimbo iliyo chini ya saruji hakisemi lolote.