Baada ya Mpira, Nini?

Mama mwenzangu, je, nyumbani kwako yupo kijana ambaye akili yake yote iko kwenye mpira? Ukimwuliza habari za masomo, anakujibu kwamba yeye atacheza Ulaya. Wazazi wengine humkataza kabisa kucheza. Wengine humwacha aache shule. Kabla hujachagua mojawapo, sikiliza habari za Arjan de Zeeuw.

Alizaliwa mwaka 1970 huko Castricum, Uholanzi. Alipenda mpira, lakini hakuacha vitabu: alisomea sayansi ya tiba hadi akapata shahada. Alianza kucheza kwa kulipwa katika timu ya Telstar mwaka 1992, akiwa na miaka 22. Wengi huanza wakiwa na miaka 17 au 18.

Je, kuchelewa huko kulimharibia? Hata kidogo! Mwaka 1995 alikwenda Uingereza kuichezea Barnsley kama beki wa kati. Miaka miwili baadaye timu hiyo ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Alichezea pia Wigan, kisha Portsmouth, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2003. Aliporudi Wigan mwaka 2005 alipewa unahodha, na mwaka 2006 timu hiyo ikafika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa ilifungwa na Manchester United mabao 4-0.

Siku ya kuvua jezi

Mwaka 2008 aliiacha timu ya Coventry City, akiwa na miaka 38. Katika umri huo muuguzi ndiyo kwanza amekomaa kazini, lakini mchezaji wa mpira ameshakuwa mzee. Hapo ndipo wengi huyumba. Mshahara umekatika, jina linasahaulika, na mikono haijui kazi nyingine. Wanaoumia pamoja naye ni mke na watoto.

De Zeeuw hakuyumba. Alirudi Uholanzi, akajiunga na polisi, akawa kachero wa uchunguzi wa kisayansi huko Alkmaar. Wachunguzi wa aina hiyo hufika mahali uhalifu ulipotendeka na kutafuta alama za vidole, unywele au damu. Sisi wauguzi twajua tone moja la damu linavyoweza kueleza mengi. Katika kazi hiyo elimu ya sayansi ya tiba si mzigo. Hakuna washangiliaji huko, lakini kuna familia zinazongoja kujua ukweli.

Tufanye nini?

Mama, mwache kijana wako acheze. Mpira hufundisha nidhamu, na kufanya kazi pamoja na wenzako. Lakini patana naye kwamba daftari na mpira vitakwenda pamoja. Mfundishe pia kwamba kazi isiyopigiwa makofi nayo ina heshima yake.

Jioni ya leo, mkishamaliza kula, mwulize kwa upole: "Mwanangu, baada ya mpira, nini?" Kisha msaidie kulitafuta jibu, wakati bado angali kijana.