Televisheni Inapozimika: Sayansi ya Matengenezo ya Nyumbani katika Handeni na Korogwe

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, televisheni si kitu kigeni tena. Huonekana katika sebule za watumishi, katika migahawa iliyo kandokando ya barabara kuu, na katika vibanda ambamo vijana hutazama kandanda kwa malipo madogo. Chombo hiki kiharibikapo, mwenyewe hukabiliwa na njia tatu: kukipeleka kwa fundi, kununua kingine, au kushika bisibisi na kukifungua yeye mwenyewe. Njia hii ya tatu huvutia wengi, kwa kuwa gharama yake haionekani. Hata hivyo, gharama ipo: ndani ya kasha lile mna umeme unaoweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani.

Makala hii yaeleza umeme huo unatoka wapi, ni hitilafu zipi ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzitambua na kuziondoa, na ni mahali gani hana budi kusimama. Fizikia inayohitajika ni ile ile ifundishwayo katika shule za sekondari.

Historia kwa ufupi

Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1973, nayo yalikuwa ya rangi tangu mwanzo. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, wachache waliokuwa na seti upande wa Bara walizitumia hasa kwa kutazama kaseti za video. Kwa sababu hiyo, katika nyumba nyingi deki ya video ilitangulia matangazo yenyewe, na mafundi redio ndio waliolazimika kujifunza kazi hiyo mpya.

Badiliko jingine kubwa lilikuja na mfumo wa dijiti. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga ikafuata mwishoni mwa Januari 2013. Kuanzia hapo televisheni za zamani, zile ziitwazo na watu "televisheni za chogo" kwa sababu ya mgongo wake uliotokeza, hazikuweza kupokea picha bila king'amuzi. Ni vyema kutambua kwamba seti hizo hazikuharibika. Lugha ya mawimbi ndiyo iliyobadilika, na king'amuzi ni mkalimani tu.

Umeme uliojificha

Umeme wa nyumbani katika Tanzania ni mkondo geu wa volti 230, unaorudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde. Hizo volti 230 ni kipimo cha wastani wa kazi. Kilele cha wimbi ni volti 230 × 1.414, yaani volti 325 hivi. Mara tu umeme uingiapo katika televisheni, dayodi nne huugeuza kuwa mkondo mnyofu, na kapasita moja kubwa huuhifadhi. Kapasita hiyo hujaa hadi kile kilele: volti 325.

Tuchukue kapasita ya mikrofaradi 150. Nishati iliyomo ni nusu ya kapasitansi mara volti kwa kipeo cha pili, nayo ni jouli 8 takriban. Plagi ikichomolewa, nishati hiyo haitoweki papo hapo. Katika seti iliyoundwa vizuri huwekwa rezista ya kuimwaga polepole. Ikiwa rezista hiyo ni ya kiloohmu 220, kizio cha muda ni sekunde 33. Baada ya sekunde 33 bado kuna volti 120. Baada ya sekunde 66, volti 44. Na baada ya dakika tatu hivi, volti zisizofika 3. Lakini rezista hiyo ikiwa imekatika, hesabu yote huvunjika, na kapasita yaweza kubaki na chaji kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana fundi wa kweli hategemei saa. Hupima kwa mita kwanza, ndipo hugusa.

Jambo la pili ni kwamba sehemu ya kwanza ya saketi hii imeunganishwa moja kwa moja na waya za ukutani. Mtu aliyesimama peku juu ya sakafu ya saruji yenye unyevu, akigusa sehemu hiyo wakati plagi imechomekwa, mwili wake huwa njia ya kwenda ardhini. Mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani kwa muda unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Televisheni ya chogo ina hatari ya ziada. Ili elektroni zigonge kioo kwa nguvu ya kutoa mwanga, tyubu ya rangi huhitaji volti 25,000 hivi. Tyubu yenyewe ni kapasita, maana ina tabaka la upitishaji ndani na jingine nje, na kioo katikati. Nishati yake ni ndogo, lakini mshtuko wake humfanya mtu arushe mkono bila kukusudia, naye aweza kuivunja shingo nyembamba ya tyubu. Ndani ya tyubu hamna hewa. Kioo cha sentimita 40 kwa 30 kina eneo la meta za mraba 0.12, na kanieneo ya hewa hukisukuma kwa kani ya nyutoni 12,000 hivi, sawa na uzito wa zaidi ya tani moja. Kioo kikishindwa kuhimili, vipande huruka kwa kasi kubwa.

Kwa hiyo kanuni ni moja: asiyekuwa na mafunzo wala mita asifungue kifuniko cha nyuma. Hata hivyo, hitilafu nyingi zinazomsumbua mwenye nyumba ziko nje ya kifuniko hicho.

Uchunguzi usiohitaji bisibisi

Uchunguzi mwema huanza na jambo rahisi na kwenda kwa utaratibu, kama ulivyo utafiti wowote. Kwanza, je, soketi ina umeme? Chombo kingine kichomekwe hapo. Pili, fyuzi ya plagi ni nzima? Televisheni ya wati 60 huvuta mkondo wa 60 ÷ 230, yaani ampea 0.26, hivyo fyuzi ya ampea 3 yatosha kwa seti ya namna hiyo. Tabia ya kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kuondoa mlinzi mlangoni na kuacha mlango wazi.

Tatu, rimoti inafanya kazi? Rimoti hutoa mwanga wa infraredi ambao jicho la mwanadamu halioni, lakini kamera nyingi za simu za mkononi huuona. Rimoti ielekezwe kwenye kamera na kitufe kibonyezwe: taa ikimetameta katika kioo cha simu, rimoti ni nzima. Nne, je, televisheni imewekwa katika ingizo linalotakiwa, na adapta ya king'amuzi inatoa volti zilizoandikwa juu yake? Si mara chache televisheni nzima hubebwa hadi mjini kwa fundi, kumbe kilichokufa ni adapta ndogo.

Tano ni antena. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu katika mstari mnyofu, na milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe huweka kivuli cha mawimbi kama iwekavyo kivuli cha jua. Matangazo ya dijiti hayafifii polepole kama ya zamani. Picha huwa safi, kisha huganda na kukatika vipande, kisha hutoweka kabisa. Picha inayoganda wakati wa upepo au mvua kwa kawaida hulaumu antena, dishi au waya uliolika kutu, wala si televisheni.

Sauti ipo, picha hakuna

Katika televisheni bapa za siku hizi, dalili moja hujitokeza mara kwa mara: sauti inasikika lakini kioo ni cheusi. Kioo cha namna hii hakitoi mwanga wake chenyewe. Nyuma yake zimepangwa taa ndogo za LED. Katika utepe mmoja taa hizo huunganishwa kwa mfuatano, mithili ya watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Mmoja akianguka, maji hayafiki. Taa moja ikikatika, utepe wote huzimika.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Chumba kitiwe giza, televisheni iwashwe, na tochi imulikwe kwa mshazari karibu na kioo. Ikiwa picha hafifu yaonekana, basi saketi za picha ni nzima na kasoro iko katika taa au katika saketi inayozilisha. Taarifa hiyo humpunguzia fundi kazi, na humwezesha mwenye mali kuafikiana bei kwa kujua kinachotengenezwa. Kinga yake pia ni rahisi: mwanga wa kioo usiwekwe katika kiwango cha juu kabisa. Mkondo mdogo huleta joto dogo, na joto ndilo adui mkuu wa LED.

Joto hilo hilo hukausha majimaji yaliyo ndani ya kapasita. Seti inayochelewa kuwaka, au inayowaka na kuzima yenyewe, mara nyingi ina kapasita iliyovimba kichwa. Kuibadili ni kazi ya fundi, lakini kuzuia joto ni kazi ya kila mtu. Matundu ya hewa yasifunikwe kwa vitambaa, na vumbi la barabara za Handeni wakati wa kiangazi lipanguswe kwa brashi kavu, plagi ikiwa imechomolewa.

Tatizo liko kwenye nguzo

Mtambo wa Hale, katika wilaya ya Korogwe, umefua umeme kwa maji ya mto Pangani tangu mwaka 1964, nao una uwezo wa megawati 21. Lakini kuwa jirani na mtambo si dhamana ya volti kamili, kwa kuwa umeme huo huingia kwanza katika gridi ya taifa. Kijiji kilicho mwisho wa waya mrefu hupoteza volti njiani. Ikiwa waya una ukinzani wa ohmu 2, na nyumba zote kwa pamoja zinavuta ampea 20 saa ya jioni, volti 40 hupotea, na wa mwisho hupata 190 badala ya 230.

Televisheni nyingi za kisasa huvumilia upungufu huo. Zisichovumilia ni ongezeko. Waya wa nyutro unaolisha nyumba nyingi ukikatika, nyumba zilizo katika fezi mbalimbali hujikuta zimeunganishwa kwa mfuatano katika volti 400, na ile inayotumia umeme kidogo hupata sehemu kubwa zaidi ya volti hizo. Taa zikiongezeka mwanga ghafla kupita kawaida, swichi kuu izimwe mara moja. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe, na isirudishwe mpaka dakika kadhaa zipite baada ya umeme kurejea. Wakati wa radi, kuchomoa plagi pekee hakutoshi. Waya wa antena nao utolewe mapema, kabla dhoruba haijakaribia, kwa maana mlingoti wa chuma ni njia nyingine ya radi kuingilia.

Deki ya video na kumbukumbu za familia

Deki za VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na kiwanda cha mwisho kilichojulikana kuziunda kiliacha mwaka 2016. Lakini kaseti za harusi, za maziko na za ngoma za jando zingali makabatini, na nyingi hazina nakala. Hapa kosa la fundi wa kujifunza haliharibu mashine tu. Laweza kufuta sura ya mtu asiyekuwapo tena.

Utepe wa VHS una upana wa milimeta 12.7, na husomwa na vichwa vidogo vilivyo katika silinda inayozunguka mara 25 kwa sekunde. Vichwa vikishika uchafu, picha hujaa chuki za mvua. Husafishwa kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa spiriti safi, mashine ikiwa imechomolewa. Kitambaa hushikiliwa kimetulia na silinda huzungushwa kwa mkono, kufuata mwendo wake wa kawaida. Kupangusa kutoka juu kwenda chini ni kosa, maana kichwa ni chembamba na huvunjika. Kaseti yenye ukungu mweupe isitiwe katika deki hata kidogo: utepe hukwama na kukatika, na ukungu huambukiza kaseti zifuatazo. Jambo la busara ni kuzipeleka kaseti hizo zinakiliwe katika mfumo wa dijiti wakati deki nzima bado zapatikana.

Kazi kwa shule

Mwalimu wa fizikia anaweza kuyafundisha haya yote bila kugusa umeme wa ukutani. Betri ya volti 9, kapasita ya mikrofaradi 1,000, rezista ya kiloohmu 33 na voltimita ya dijiti yatosha. Wanafunzi wajaze kapasita, waiache imwagike kupitia rezista, waandike volti kila baada ya sekunde 10, kisha wachore grafu. Kizio cha muda kitakuwa sekunde 33, sawasawa na kile cha televisheni iliyotajwa hapo juu. Kisha waondoe rezista na warudie kipimo. Tofauti ya michoro hiyo miwili ndiyo tofauti kati ya seti iliyo salama na seti inayongoja mkono wa mtu.

Hatimaye, seti iliyoshindikana isitupwe jalalani wala tyubu yake isivunjwe. Kioo cha nyuma cha tyubu kina risasi nyingi, madini yenye sumu, hasa kwa watoto. Apewe fundi, ambaye atapata humo vipuri vya kuokoa seti nyingine. Kijana apendaye kazi hii naye aanzie hapo hapo, mezani pa fundi mwenye mita, ajifunze kupima kabla ya kugusa.