Doa la buluu

Arosto, yaani mateso ya kukosa unga (heroini), huanza kwa miayo. Saa chache baada ya kete ya mwisho macho yanatoa machozi, pua inachuruzika, vinyweleo vinasimama. Kisha jasho linamtoka mtu, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, usingizi unakata, na mlango ukibamizwa anaruka kama kapigwa risasi.

Sasa mtazame mwingine ambaye hajawahi hata kuushika unga: mama aliyenusurika vitani, au kijana aliyekua akipigwa kila baba aliporudi amelewa. Gurudumu likipasuka barabarani, jasho linamtoka na moyo unakwenda mbio. Usiku anakesha akisikiliza. Dalili nyingi za wawili hawa zinafanana, na si kwa bahati tu. Kwa kiasi kikubwa zinatoka sehemu moja: vikundi viwili vidogo vya seli kwenye shina la ubongo, kimoja kila upande, vyenye makumi ya maelfu tu ya seli katika ubongo wenye seli za neva takriban bilioni 86. Kwa rangi yake, wataalamu wa anatomia waliiita doa la buluu.

Doa hilo ndilo chanzo kikuu cha noradrenalini ubongoni. Hatari ikitokea, linaimwaga kemikali hiyo karibu kila pembe. Amigdala, inayoipima hofu, inachangamka, kumbukumbu inajichimbia, mwili unajiweka tayari kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, doa hutulia. Kwa aliyepata kiwewe, mara nyingi halitulii sawasawa. Kitu kidogo tu, harufu au sauti, kinaliamsha upya, huku gamba la mbele la ubongo, ambalo lingepaswa kuituliza amigdala, likizidiwa.

Hapo ndipo unga unapopata mlango. Tumezoea kusema teja anafuata stimu, na kweli dopamini ina sehemu yake. Lakini seli za doa la buluu zimesheheni vipokezi vya afyuni, na heroini, ikishageuka mofini, inazinyamazisha. Kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa macho miaka nenda rudi, huko ni kupumzika, tena kupumzika ambako pengine hajakuonja tangu utotoni. Balaa ni kwamba seli hizo hazikubali kukandamizwa kila siku. Zinajirekebisha na kuongeza nguvu ili ziendelee na kazi yake. Siku unga ukikosekana, zote zinafyatuka kwa kasi kuliko mwanzo. Aliyeukimbilia ili asishtuke, sasa anashtuka maradufu.

Ushahidi mmoja ulitokana na dawa ya presha. Mwaka 1978 George Aghajanian wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha, kwa panya, kwamba dawa hiyo, klonidini, inazituliza seli hizo wakati wa arosto. Mwaka huohuo Mark Gold na wenzake wakaripoti kuwa iliwapunguzia waraibu mateso. Klonidini si afyuni wala haigusi vipokezi vyake, kwa hiyo nafuu hiyo haikutokana na kuuziba mwanya wa unga.

Kuna utafiti mwingine ambao kila nikiusoma unanifanya nisite. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya wanajeshi 696 wa Marekani waliojeruhiwa Iraq. Miongoni mwa waliokuja kuugua ugonjwa wa kiwewe, asilimia 61 walikuwa wamepewa mofini mara baada ya kujeruhiwa. Miongoni mwa wasiougua, asilimia 76. Takwimu za aina hii hazithibitishi sababu. Hata hivyo, huenda dawa iliyo ndugu wa damu wa unga wa mtaani inamkinga majeruhi ikitolewa na daktari saa zile za mwanzo.

Kiwewe cha utotoni kina uzito wake, maana kinaukuta ubongo ungali unajengwa. Vincent Felitti na Robert Anda waliwahoji zaidi ya watu wazima 9,000 huko San Diego, na mwaka 1998 wakaripoti kwamba waliopitia aina nne au zaidi za madhila wakiwa watoto walikuwa na hatari kubwa zaidi, mara 4 hadi 12, ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua.

Lakini uraibu si hukumu ya maisha. Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam, ambako karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, ni asilimia 5 tu ya waraibu hao waliorudia hali hiyo. Vita na heroini ya bei chee vilibaki huko. Teja wa Dar es Salaam mara nyingi hana nyumbani pa namna hiyo. Maskani yake iko mtaa uleule alikoumizwa.

Methadoni, dawa ya kutibia uraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, inadumu mwilini kiasi kwamba dozi moja kwa siku, inayonywewa dirishani mbele ya mhudumu, inatosha kulituliza doa la buluu mpaka kesho yake. Kinacholiamsha, hata hivyo, kinabaki. Kwa muda mrefu matabibu wengi walishikilia kwamba mtu aache dawa kwanza ndipo azungumzie yaliyompata, wakihofia kuwa kufukua kumbukumbu kungemrudisha kijiweni. Jijini Sydney, Katherine Mills na wenzake waliijaribu hofu hiyo kwa watu 103, baadhi wakitibiwa kiwewe na uraibu kwa pamoja. Matokeo yalitoka mwaka 2012: dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliotibiwa yote mawili, na matumizi yao ya dawa hayakuwa mabaya kuliko ya wenzao.